Nilivyomwokoa Kujitegemea

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Leo mkutanoni nimeng'ara! Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Danieli, katangaza kwamba Jumamosi Bwana Mifugo anapanda kutoka Lushoto na bunduki. Kichaa cha mbwa kimeingia bondeni. Mbwa asiye na mwenyewe wala kamba shingoni, risasi. Wote tukamfikiria yule jike wa rangi ya majivu. Wenyewe walihamia kijiji cha Mnazi, wakamwacha. Sasa analala msituni, na hashikiki. Ukinyoosha mkono tu, keshayeyukia kwenye ukungu.

Nikasimama. Nikasema niachieni mimi. Nilipokuwa kwa mzungu wa kahawa nilifuga mbwa wakubwa kama ndama, mmoja nikamfundisha kuhesabu. (Alikuwa huyo huyo mmoja. Na alikuwa wa mpishi.) Nikaomba kitu kidogo tu: wiki hii nisilime shamba la kijiji.

Danieli kakubali, kwa sharti. Mbwa akipigwa risasi, nitalima zamu yangu na ya Bakari mpaka Krismasi. Bakari ni mtani wangu, ndiye mgonga chuma wa kijiji, ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi. Ikilia, tunatoka na majembe. Alipiga makofi kabla ya wote, mshenzi yule.

Mbwa nimempa jina: Kujitegemea. Mke wangu Yunis kasema mbwa huyo analielewa jina lake kuliko mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Mtego! Nimechimba shimo, juu majani, juu ya majani utumbo wa mbuzi. Kazi ya kitaalamu. Baadaye nikaenda kukagua. Utumbo hakuna. Mbwa hakuna. Ila shimo lenyewe linafanya kazi vizuri sana, naweza kuthibitisha. Bakari kanivuta kwa mpini wa jembe, akaniuliza, "Mjomba Tobia, huyo Kujitegemea kaumia mguu gani?" Nilikuwa natema udongo.

Jumatano, 6 Agosti

Akili mpya. Ugali uliolowekwa kwenye boha. Pombe yetu ya miwa huangusha wanaume, sembuse mbwa? Ilibidi nionje kama ni kali. Nikaonja tena kuhakikisha. Nimeamka chini ya mgomba, ugali upo, katambuga yangu moja haipo mguuni. Alama za meno ya mbwa nimeziona kwenye ile iliyobaki. Yunis kaniletea uji bila kuombwa. Hapo ndipo ninapoogopa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimegundua! Asubuhi nimejificha nyuma ya ghala (nilikuwa namkwepa Danieli). Bakari kagonga chuma, na Kujitegemea huyo katoka kwenye ukungu, kakaa chini ya rimu kama mwanakwaya. Wengine wangehitaji shule kubwa kuelewa. Mimi nimeelewa palepale: mbwa huyu anapenda muziki! Kesho namwita mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimevaa tai yangu nyekundu kuipokea Serikali. Nilipewa na Gavana kwa mkono wake. (Sokoni Mombo.) Bwana Mifugo alikuwa ofisini anakunywa chai. Nikashika nondo, nikaitwanga rimu kwa nguvu zangu zote.

Kijiji kizima kikaja! Wengine na majembe, wengine na ndoo za maji. Mama mmoja kaja na sabuni kichwani. Danieli akafoka: moto uko wapi? Nikamwambia subiri.

Na kweli, akaja. Kujitegemea! Akakaa. Nikamwonyesha nyama. Akanitazama kama mtu anayezibiwa njia, akachungulia nyuma yangu. Nyuma yangu alikuwa Bakari, anaangalia mawingu.

Bwana Mifugo akatoka na bunduki, akasema tusogee. Watu wakasogea. Bakari hakusogea. Akapiga kelele, "Usipige! Usipige, baba!" Mfuko wake ukamwaga viazi vya kuchemsha, mbwa akavirukia.

Bakari akaapa yeye humfukuza tu. Kila asubuhi humtupia viazi ili aende zake. Mzee Rajabu, anayeswali naye safu moja, akamwuliza taratibu mbona viazi vya kufukuzia vimemenywa.

Bwana Mifugo akasema hadithi nzuri, kamba iko wapi? Kamba hakuna. Bakari akasema yeye anangoja swala ya adhuhuri, hawezi kulambwa na mbwa, na isitoshe nani alijitapa mkutanoni? Macho yote kwangu. Nikavua tai. Bakari akatupa kiazi, nikamfunga tai shingoni. Mbwa akanilamba mkono, nami nikapiga ukelele wa ushindi. Yunis anasema Mombo wameusikia.

Bunduki ikashushwa. Sindano ya chanjo ikatolewa. Kujitegemea hakulia. Bakari alilia, anasingizia moshi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani watu wote Bakari, Bakari! Na wala hasali kwetu! Mbwa kalala chini ya rimu na tai yangu, na Bakari sasa anamfukuza hata jioni. Mimi, kwa kushtua kijiji, nimepewa wiki nzima ya jembe, kuanzia kesho.

Lakini nimemfuata Danieli mlangoni mwa kanisa. Nimemweleza habari za nyani wanaomaliza mahindi ya kijiji. Naweza kuwafuga wakawa walinzi. Kule Mombo nilimfundisha mmoja kukata tiketi za basi, na chenji alirudisha. Sihitaji makubwa. Nisilime tu wiki hii, na nipatiwe tai za kutosha.

Kaenda kunitafutia jembe.