Mpira Wenye Haradali

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku Marekani huwa Septemba. Chakula kwa mama mkwe, hapa hapa Chicago. Nimeketishwa tena mbele ya rafu iliyo juu ya meko ya sebuleni, na juu yake mpira wa besiboli wa shemeji yangu Casimir. Aliudaka uwanjani miaka hiyo, mpira wa mwisho wa bingwa aliyekuwa akistaafu, mkono wa pili ukiwa na mkate wa soseji. Doa la haradali limebaki mpaka leo, na kila sikukuu tunasimuliwa doa hilo.

Nikatangaza kuwa nami nitaleta mpira wangu. Mama mkwe akasema rafu ni moja, atakayeleta mpira wenye sifa kubwa zaidi, wake ndio utakaokaa hapo. Casimir akauliza kama nitaununua dukani. Wakacheka wote, hata Bernadine, mke wangu wa ndoa! Rafu hiyo nitaitwaa.

Alhamisi, 6 Septemba

Hanratty, mpigaji wa timu ya St. Louis, anacheza hapa Jumamosi. Akivusha ukuta mpira mmoja tu, ukaangukia kwa watazamaji, amevunja rekodi ya ligi. Kikwazo: kwetu, mpira uliopigwa na mchezaji wa timu ngeni huendi nao nyumbani. Unaurusha uwanjani, la sivyo unaogeshwa bia na majirani hawakusalimii tena.

Dawa ninayo. Nitarusha mpira mwingine. Wangu wa gereji mbwa ameutafuna, kwa hiyo nilikwenda kwa mama mkwe kutengeneza bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nikatoka na mpira wa Casimir, nikaacha ule wa mbwa rafuni, upande wa meno ukitazama ukuta. Huu wa Casimir nimeusugua kwa siki na magadi mpaka doa limetoka, usije ukatambulika kwenye televisheni. Akili kama hizi zinapotea bure kiwandani.

Jumamosi, 8 Septemba

Siamini. 

Hanratty amepiga, na mpira umekuja kwetu! Ukaangukia soseji ya mama aliyeketi pembeni yangu, ukadunda, ukatua mapajani pangu. Uwanja mzima ukaanza kuimba nirushe. Jamaa wa nyuma alishainua kikombe cha bia juu ya kichwa changu. Nikautumbukiza mpira mfukoni, mfuko ule ule wenye wa Casimir. Hapo nikaganda. Mipira miwili, mfuko mmoja!

Nikachungulia. Mmoja msafi kabisa, mwingine una haradali. Nikashusha pumzi. Ukoo mzima unajua mpira wenye haradali ni wa Casimir. Nikaurusha kwa nguvu zangu zote, watu wakanishangilia, na mama wa soseji akanikumbatia. Rekodi iko chini ya mto wangu.

Jumapili, 9 Septemba

Nilipeleka mpira kwa mama mkwe nikiwa nimevaa tai. Nikausogeza ule wa mbwa ukingoni, nikaweka wangu katikati. Bernadine akanibusu mbele ya ndugu zake. Mama mkwe akaniita mwanangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kisha habari za michezo. Hanratty ameinua juu mpira wake wa rekodi, uliookotwa uwanjani. Una haradali. Akasema hajawahi kuona rekodi yenye harufu ya chakula cha mchana.

  Casimir akachukua mpira wa katikati, akaunusa. Siki. Akageuza ule wa ukingoni. Meno. Nilingoja anipige, lakini alikaa tu akiutazama, macho yamejaa machozi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Leonard, lile bomba langu lilikuwa na nini?"

Jumanne, 11 Septemba

Bernadine hasemi nami. Rafuni kumewekwa kuku wa udongo.

Roho iliniuma, nikampelekea Casimir mpira wake, nimeupaka haradali mpya pale pale pa zamani. Akauangalia, akaniangalia, akafunga mlango. Basi umebaki kwangu.

Ila nimeona gazetini. Hanratty anarudi tarehe 25, na kila mpira atakaovusha sasa ni rekodi mpya! Safari hii sitahangaika kutafuta wa kurusha. Ninao tayari, na alama yake iko wazi: nitarusha wenye haradali.