Albamu ya Dainess, Sura Yangu

Jumatatu, 9 Aprili 2007
Nimeanzisha lebo ya muziki! Msabaha Records. Ofisi ni kitanda changu hapa mtaa wa Xiaobei. Albamu ya kwanza ni muziki wa kantri kwa Kiswahili, imerekodiwa hapahapa Guangzhou. Msanii ni Dainess, mwanafunzi wa udaktari kutoka Mbeya. Akiimba ule wimbo wa marehemu mama yake, hata wauza viatu wa soko la Zhanxi, watu wasio na huruma kabisa, wanatafuta leso.

Tatizo moja: ni mwanamke. Kila mtu wa lebo anajua kantri ni mwanamume na kofia. Nani kasema? Nimesikia tu. Basi kwenye kava nimekaa mimi, na kofia pana, na jina langu. Dainess hajaambiwa. Anachotaka ni jina lake na sura yake tu, baba yake aione. Nimemwambia, dada yangu, wala usiwe na wasiwasi. Dainess ni mpole, na mimi wapole nawaogopa kuliko polisi wa viza.

Jumatano, 11 Aprili
Balaa! Kiwandani wanakochapa CD wanajua Kichina tu. Sisi wafanyabiashara hutafsiriwa na wanafunzi, na mkalimani wangu siku zote ni Dainess. Nitamwambiaje anitafsirie namna ya kumfuta yeye mwenyewe?

Nimekwenda peke yangu na kalkuleta, na kanda za studio, sauti mbali, vyombo mbali. Laoban, yaani bosi, ni mama mmoja mkali. Nikamwonyesha picha ya Dainess: bu yao, sitaki! Nikamwonyesha yangu: dole gumba. Yule mama akagusa koo lake, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa harakaharaka, maana dirishani alipita msichana nikadhani ni Dainess. Kumbe siye. Jasho limenitoka mpaka kwenye soksi.

Ijumaa, 13 Aprili
Dainess anapiga simu. Sipokei. Abass, muuza mikoba ninayekaa naye chumba kimoja, anasema nimwambie ukweli mtoto wa watu. Anadai nikilala naomba msamaha kwa sauti. Nimemwambia abaki na mikoba yake.

CD zimefika. Kava limependeza jamani! Sijasikiliza hata moja. Ile sauti itanitia huruma, na huruma si biashara.

Jumapili, 15 Aprili
Yamenikuta!

Uzinduzi ulikuwa mgahawani kwa Ameir. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yamefunguliwa leo, kwa hiyo wanunuzi walijaa. Mbele kabisa alikaa Wekesa, Mkenya anayesambaza muziki Nairobi. Nikamwona Dainess anaingia. Nikabonyeza kitufe cha kupiga CD ili yaishe.

Gitaa likaanza. Zuri! Likaendelea. Likaendelea tena. Sauti hakuna! Yule mama alielewa kwamba mwanamke simtaki kabisa, hata sauti yake, akanitengenezea karaoke kama wanazozipenda hapa: vyombo tu, uimbe mwenyewe. Albamu nzima!

Watu wakatazama kava, wakanitazama mimi. Wekesa akasema basi msanii asimame aimbe. Dainess akalichukua kava, akaligeuza mbele na nyuma, taratibu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Akasema tu: kaka Msabaha, huo ndio wimbo wa mama, uimbe, watu wanasubiri.

Nikaimba. Ewe Mola wangu! Mimi mtu wa Tanga nikamlilia mama wa Mbeya kwa sauti ya mbuzi aliyekabwa. Mpishi akatoka jikoni kuuliza nani ameungua. Nikanyamaza. Dainess akaudaka wimbo pale nilipouangusha, akauimba mpaka mwisho. Watu wakalia. Na mimi nikalia, kwa woga au kwa nini, sijui. Kisha Wekesa akamwita pembeni wakazungumza. Mimi sikuitwa.

Jumatano, 18 Aprili
Wekesa anaitoa albamu. Jina la Dainess, sura ya Dainess. Dainess alikuja mwenyewe kuchukua kanda za studio. Nilimpa kwa upenyo wa mlango, sikuthubutu kuufungua wote. Akasema ahsante. Ile ahsante bado inanitetemesha.

Lakini nimejifunza, wallahi. Kosa langu lilikuwa kuchagua msanii anayejua Kichina. Leo nimempata Mwatima, kaingia juzi kutoka Unguja, hata salamu ya nihao hajui. Anaimba, usiseme! Nimemweleza kwamba kwenye kantri sura ya mwanamke haiuzi, hivyo sura itakuwa yangu. Akauliza: na watu wakitaka kumsikia huyo wa kwenye kava?

Nimemwambia aondoe hofu. Nitaimba mimi, tayari nina uzoefu.