Odilo, Nakuomba Ubaki Umepotea Mpaka Tuanue Matanga

Filbert wa Mashineni,
Karibu na Igwachanya.

Kwa Ndugu Odilo,
Mtengeneza Filamu za Kutisha,
Makambako.

Mpwa wangu Odilo,

Kamwene.

YAH: KUKUTWA HAI WAKATI MSIBA WAKO UNAENDELEA

Kabla ya yote inafaa umjue anayekuandikia. Wakubwa walipokuja huku kutafuta pa kuweka makao makuu ya wilaya, walizunguka mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa napalilia. Nikawaonyesha kwa mpini wa jembe, nikasema "pale", na leo ofisi zote ziko pale pale. Shule niliiacha mwenyewe, baada ya kuona walimu wameanza kurudia mambo. Kwa hiyo barua hii uisome taratibu, ukiwa umekaa.

Sina hasira na wewe. Nina malalamiko tu, nayo nimeyapanga kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Filamu yenu ile ya kwenye gofu la mashine ya kusaga, lililo juu ya shamba langu la viazi, inaanza kwa maandishi. Inasema picha hizi zilikutwa kwenye kamera iliyookotwa na mwanakijiji mmoja, na kwamba vijana watatu waliokuwa nayo hawajaonekana tena. Sisi huku tukiandikiwa kitu tunakiamini. Shemeji yangu aliileta kwenye flashi, tukaitazama sebuleni kwangu mchana, siku ya ukungu, jiko la mkaa katikati na watu wamejaa mpaka mlangoni. Tukawaona wewe, Denis na yule binti Stella mkiingia ndani ya gofu mkiitana majina, kamera inayumba kama imefungwa kwenye bodaboda. Mlango ukaanza kufunguka wenyewe. Hapo hapo umeme ukakatika. Sasa ulitaka tufikirie nini? Mmeandika kwamba hamjaonekana tena, na sisi kweli hatukuwaona tena.

2. Wewe ni mtu wa Makambako, mji wa watu wa kupita, huenda haya huyajui. Kwetu mgeni akifia kwenye ardhi yako, huyo ni maiti wako. Husemi ndugu zake watakuja. Unaweka msiba. Kesho yake akina mama wakafika na unga, maharage na kuni, wazee wakakaa nje na makoti yao. Mwinjilisti Hosea akauliza marehemu ni wa ukoo gani, na nani atasimama kama ndugu yao. Watu wote wakatazama chini. Nikaona uchungu, vijana wazima watatu wapotee bila hata mjomba. Nikasimama nikasema mjomba wao ni mimi. Kwa hiyo usishangae nikikuita mpwa, jambo hilo limeshatangazwa kanisani na haliwezi kurudishwa nyuma.

3. Hapa nawalaumu kwa uzembe. Mtu anaandikaje "mwanakijiji mmoja" halafu jina haweki? Hilo ni shimo, na shimo lisipofukiwa atatumbukia mtu. Watu walianza kuulizana ni nani aliyeokota kamera, wakawa wanataja hata walevi. Ikabidi nilifukie mimi. Nikasema niliyeiokota ni mimi. Nikawaeleza nilivyoikuta kwenye tuta la viazi ikiwa bado ya moto, chui ameilalia, nikamvuta mkia mpaka akaniachia. Kuhusu chui sikusema uongo. Chui nilishawahi kumvuta, ila ilikuwa kule Uwemba na hakuwa na kamera.

4. Miili hatukuipata, maana mlikuwa mnaitumia. Tulichokikuta kwenye gofu ni raba moja, ya mguu wa kushoto, ile uliyoivaa wewe kwenye filamu. Tuliizika. Tuliilaza kwenye boksi la mbegu za mahindi, kwaya ya akina mama ikaimba, nami nikasoma wasifu wako. Nilisema ulikuwa mtii, ulipenda kilimo, na hukuwahi kuja kwangu bila sukari. Watu walilia, Odilo. Mpaka mimi nilijililia, nikikumbuka sukari ile.

5. Sasa nakuja kwenye lenyewe. Mke wangu Ema ana baba yake, Mzee Nathanieli. Tangu nimwoe binti yake, nikienda kwake nakalishwa kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe. Wakwe wengine wanakaa kwenye viti, mimi magoti yapo usawa wa masikio. Ananiita "yule". Akitaka chumvi anamwambia Ema, "Mwambie yule anipe chumvi," na yule nimekaa hapo hapo. Lakini tangu filamu yenu, mambo yamegeuka. Mzee alitoa ndani kiti chenye egemeo, akakifuta vumbi kwa koti lake mwenyewe, akakiweka ubavuni pake, akasema, "Filbert, kaa hapa." Naamini ni kwa ajili ya chui. Asiyewahi kukaa kigodani mbele ya wakwe hawezi kujua uzito wa egemeo. Mgongo wangu umeshalizoea. Sitaki kurudi chini.

6. Basi Jumatatu nimekwenda Makambako kununua mchele wa matanga, nakukuta stendi unakula chipsi mayai, tomato imekushika kidevuni. Ukaniambia, "Shikamoo, mzee." Nikaitika marahaba kabla sijakumbuka kwamba nimeshakuzika. Halafu, bila hata aibu ya marehemu, ukaniuliza, "Samahani mzee, pale mashineni hamkuona raba yangu?" Nikasema sijaona. Ukafurahi tu, ukaniambia Jumamosi mnakuja kijijini na skrini kubwa na jenereta, mtuonyeshe filamu bure mpaka mwisho, iwe shukrani. Odilo, Jumamosi ndiyo siku ya kuanua matanga yako. Mzee Nathanieli atakuwepo, na kile kiti kitakuwepo, na mimi nitakuwa juu yake.

6(b). Mzimu wenu amevaa kandambili. Nilimwona kwa chini ya mlango. Mwezi wa saba, baridi ya huku, mzimu wa kandambili angekufa mara ya pili. Na mtu anayekimbia kuokoa roho anashikaje kamera? Mimi siku ya chui niliacha hata suruali. Haya nayasema kama fundi kwa fundi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, mbaki mmepotea. Sisemi mfe, mimi si mtu mbaya. Mjifiche tu Jumamosi ipite. Mkipita njia kuu mfunike nyuso, na Stella asicheke, kicheko chake kinajulikana, Ema anakiiga huku analia.

Pili, mkianza kupatikana, mpatikane kwa utaratibu. Aanze Denis, maana yeye hatukumlilia sana. Akae kidogo, watu wamzoee, ndipo aje Stella. Wewe uwe wa mwisho, baada ya mavuno, kwa sababu wewe una kaburi.

Tatu, kama kuja Jumamosi ni lazima, basi mje wakati nimesimama natoa neno la shukrani. Nitanyoosha mkono kuelekea kwenye gofu, niite majina yenu, nanyi mtokee. Mtasema mjomba Filbert aliwatafuta msituni mpaka akawapata. Jipakeni majivu kidogo. Mwinjilisti Hosea huenda akanuna, lakini nitazungumza naye, tunaelewana.

Nne, naomba uniletee raba ya kulia. Watu wameanza kuulizana kwa nini tumezika moja, na Bibi Eveline anadai anamsikia mtu anachechemea kule juu. Tukiizika na ya pili utatembea vizuri.

Tano, mkitengeneza nyingine, mzimu niwe mimi. Nina koti langu refu, nina viatu, na kwenye lile gofu naingia hata saa hizi bila kutetemeka. Tangu nizaliwe sijui woga unaanzia mwili upande gani.

Ukiyakataa yote haya, sitakuwa na njia. Nitasimama mbele ya watu niseme uliyepo kwenye skrini ni mzimu wako, na huyo aliyeleta skrini ni mzimu wake mwingine, na hapo utawaeleza mwenyewe namna utakavyotoka kijijini.

Wasalimie Denis na Stella, na yule wa kandambili mwambie nimempa pole ya baridi. Ema anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu. Mzee Nathanieli hajambo, leo ameniuliza kama egemeo halinibani.

Ni mimi mjomba wako, niliyekuzika kwa heshima zote,

Filbert wa Mashineni,
Mwenyekiti wa Kamati ya Msiba Wako.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena, kwa sababu nataka msaada na msaada hautolewi gizani. Siku ile umeme haukukatika. Mlango wenu ulipofika nusu, mkono wangu ulikwenda wenyewe nyuma ya kabati ukachomoa waya. Ema akauliza mbona redio ya jikoni bado inaimba, nikamwambia huo ni umeme wa akiba. Kwa hiyo mwisho wa filamu hakuna aliyeuona huku, hata mimi. Shemeji ananiambia amesikia Makambako kwamba mwishoni mnatoka wazima mnacheka, na kwamba mngeachwa dakika chache tu tusingepika hata chungu kimoja cha maharage. Aliyekaa karibu na soketi alikuwa Mzee Nathanieli. Aliuona mkono wangu. Aliniinamia, ndevu zinamtetemeka, akaninong'oneza, "Umefanya jambo la maana sana, mkwe wangu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Kiti kilitoka ndani kesho yake. Jana ameniagiza kwamba Jumamosi tukae pamoja, mimi niwe upande wa jenereta. Sasa, mpwa wangu, mimi jenereta sijui inazimiwa wapi. Nielekeze.