Malalamiko ya Mzazi Aliyeitikia kwa Kichwa

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Kati ya Willow Flats,
Manitoba.

19 Januari

Mheshimiwa Madam Reimer,

YAH: KUTIMIZWA KWA MALENGO YA MTAALA BILA RIDHAA YA MZAZI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile mashine ya joto ya ofisini kwako imeshatengenezwa. Mimi ni Darcy Hnatiuk, dereva wa gari la kusukuma theluji la mji huu, yaani ndiye mtu anayekuwezesha kufika kazini kuanzia Novemba hadi Aprili. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulalamika ovyo. Katika miaka kumi na tisa ya kazi nimelalamika mara moja tu, tena ilikuwa kuhusu gari la mtunza majengo wenu, Bwana Lloyd, ambalo mpaka leo analiegesha palepale ninapopita kusukuma theluji.

Binti yangu Maren, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba katika mpango wenu wa kuzamisha watoto katika Kifaransa, yaani kuwafundisha masomo kwa lugha hiyo. Jumatatu iliyopita, nikitafuta glavu zangu kwenye begi lake, nilikuta karatasi ya malengo na matarajio ya mwaka, upande wa Kiingereza, ambao sikuwahi kuonyeshwa. Nimeisoma mara tatu. Nasikitika kukuarifu kwamba malengo yote yametimia.

Madam, hatukukubaliana hivyo. Sisi wazazi wa Willow Flats tunawaandikisha watoto katika Kifaransa kwa makubaliano ya kimyakimya ambayo kila mtu anayajua: mtoto ataimba nyimbo, atajifunza rangi na siku za wiki, kisha akifika miaka kumi na minane atasahau yote na maisha yataendelea. Shemeji yangu Randy alizamishwa miaka kumi na mitatu, tangu chekechea hadi alipomaliza sekondari, akatoka mkavu kabisa. Leo ana miaka arobaini na moja, na Kifaransa chote alichobaki nacho ni sentensi moja ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Anaisema vizuri sana. Kila Krismasi tunamwomba aiseme, anaisema, tunapiga makofi, tunaendelea kula. Hicho ndicho kiwango nilichokitegemea. Kwa heshima zote, naomba sasa nieleze madhara niliyoyapata.

1. Karatasi inasema mwanafunzi "atatumia Kifaransa nje ya darasa kwa hiari yake." Ametumia. Ameanza na mbwa. Mbwa wetu anaitwa Dizeli, ana miaka minane, na mimi ndiye niliyemlea kwa mkono wangu tangu hajafumbua macho. Sasa haitikii mpaka aitwe kwa Kifaransa. Asubuhi nasimama barazani, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, namwita mbwa wangu mwenyewe, naye ananitazama kama anavyomtazama mtu wa posta. Nilimwambia Maren amwite aingie ndani. Akanijibu, "Mwite mwenyewe, Baba. Ila kwa upole, hapendi kuamrishwa."

2. Inasema mwanafunzi "atatoa maoni na kuyatetea kwa sababu tatu." Zamani mtoto huyu alikuwa na sababu moja tu, "basi tu," na tulielewana vizuri. Siku hizi ananyoosha vidole. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, hata kama jambo lenyewe ni nani aliyemaliza maziwa. Mama yake, Colleen, ameacha kupika kabichi za kuviringisha nyama siku za Alhamisi, maana vidole hivyo vilizipinga. Mimi pia nimekuwa na sababu moja maisha yangu yote, nayo ni kwamba mimi ndiye baba. Wiki iliyopita niliitoa mezani, nikaambiwa mbele ya mke wangu, "Hilo ni dai tu, Baba. Ushahidi uko wapi?" Colleen alicheka mpaka akainuka mezani.

3. Inasema mwanafunzi "ataomba ufafanuzi kwa adabu pale asipoelewa." Nilimwambia asafishe chumba chake. Aliomba ufafanuzi wa neno "safisha." Kwa adabu.

4. Sasa nafika penye kidonda, na naomba uketi vizuri.

Mwezi Novemba mlifanya ule mkutano ambao mtoto mwenyewe ndiye anayemweleza mzazi maendeleo yake. Colleen alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa usawa wa masikio. Mlangoni palikuwa na kibao, na Mwalimu Théberge, anayemfundisha Maren, alitueleza maana yake kwa ishara: ukishavuka hapo, ni Kifaransa tu.

Wewe si mgeni hapa, Madam, unajua baba wa mtoto wa Kifaransa hufanya nini akiwa darasani. Anaitikia kwa kichwa. Tumeitikia tangu chekechea. Kwenye matamasha tunaitikia, kwenye mashairi tunaitikia, wenzetu wakipiga makofi tunapiga. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kinachosemwa, na hakuna atakayekubali kusema hajui, kwa sababu mwenzake wa kiti cha pili anaitikia kwa uhakika mkubwa sana.

Basi Maren akasimama mbele yangu na picha zake. Palikuwa na picha ya mto mpana, nyumba ya bluu, msichana mwenye waya kwenye meno, na ramani yenye mstari mwekundu mrefu. Nikasema moyoni, jiografia hiyo. Akanyoosha kidole cha kwanza, nikaitikia. Cha pili, nikaitikia. Cha tatu, nikaitikia na kutabasamu, maana kwa kweli alikuwa anapendeza, alisimama wima na hakutetemeka hata kidogo, na mimi nilikuwa namwonea fahari mpaka pua ikaanza kuniwasha. Mwalimu Théberge akanipa kalamu. Nikatia saini nikidhani ni karatasi ya mahudhurio. Kiti cha jirani alikaa Doug Friesen, naye akatia saini karatasi ya mwanawe akidhani hivyohivyo. Doug sasa anafuga sungura wanne.

Tulipoingia garini Maren akanirukia shingoni.

"Baba, siamini umekubali! Miezi mitatu yote!"

Nikamuuliza miezi mitatu ya nini.

"Acha utani bwana! Ya Rimouski! Kwa kina Anne-Sophie! Nilijua utakataa, nilishaandaa sababu nyingine sita!"

Rimouski, Madam, iko Quebec. Ni siku mbili na nusu kwa gari, kama huna mpango wa kula. Mtoto wangu anaondoka tarehe tatu Februari kwenda kuishi na watu wenye nyumba ya bluu mpaka mwisho wa Aprili, na aliyempa ruhusa ni mimi, kwa shingo yangu mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale kwamba sikuelewa. Nitakueleza. Maren alikuwa hajanikumbatia tangu darasa la tano. Alinishika shingo namna ile, analia kwa furaha na kamasi zake zote kwenye koti langu la kazi, akasema hakuna baba mwingine darasani aliyemsikiliza mtoto wake kama nilivyomsikiliza. Mwanamume ataanzia wapi hapo? Nilimwambia nilielewa kila neno.

5. Kuna jambo ambalo haliko kwenye karatasi yenu. Tangu Maren ana miaka sita, siku theluji ikizidi na mabasi ya shule yakifutwa, hupanda na mimi kwenye gari la theluji. Yeye ndiye anayeshika kahawa. Yeye ndiye anayeniambia, "Baba, chunga, kwa kina Penner wameacha tena barabarani kibao cha watoto cha kutelezea," au, "Baba, msukumie Bwana Lloyd rundo lote, mara hii tu." Nilidhani tuna miaka mingine mitano ya kufanya hivyo. Nimeangalia kalenda. Februari na Machi ndiyo miezi yetu mikubwa ya theluji, na kile kiti kitakuwa na Dizeli, ambaye hatusemezani tena.

Anne-Sophie, yule wa waya kwenye meno, atakuja kwetu kwa zamu yake mwezi wa tisa, nimeambiwa. Anaonekana mtoto mzuri. Theluji ya kwanza ikianguka atapewa kiti na atapewa kahawa ashike. Lakini akiona kibao cha kina Penner atanionya kwa Kifaransa, nami nitaitikia kwa kichwa na kupita juu yake.

Nasema waziwazi, Madam: naogopa. Siogopi Quebec. Naogopa mtoto anayeweza kusimama mbele ya watu, kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, akajitetea bila msaada wangu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kwenda popote.

6. Kwa hiyo basi, naomba shule yako ichukue hatua zifuatazo haraka iwezekanavyo.

Kwanza, malengo yapunguzwe. Napendekeza yabaki mawili: mwanafunzi atajua rangi, isipokuwa zambarau, na ataweza kuomba ruhusa kwenda chooni. Pili, Mwalimu Théberge aagizwe kufundisha kwa mapenzi ya wastani. Nimesikia anaimba. Nimesikia pia kwamba watoto hubaki darasani wakati wa mapumziko kwa hiari yao, jambo ambalo halikuwahi kutokea enzi za mwalimu wa Randy. Yule mwalimu yuko hai, anauza chambo kule ziwani, na nimeshamuuliza kama yuko tayari kurudi. Hajakataa. Tatu, Maren ashushwe alama ya kuzungumza mbele ya hadhira, na alama hiyo ihesabiwe kuanzia Novemba. Ikishindikana hata hivyo, basi shule itangaze rasmi kwamba kuitikia kwa kichwa kwa baba yeyote katika mpango huu hakuna maana yoyote na hakujawahi kuwa nayo. Nimekusanya saini za akina baba kumi na mmoja wanaoniunga mkono. Ya Doug msiitegemee sana, siku hizi anatia saini chochote.

Utaona kwamba nimetoa maombi matatu, kidole kwa kidole, na la akiba moja. Sijui nimejifunza wapi.

Nisalimie walimu wote, wa Kifaransa na wa Kiingereza, na yule mama wa mapokezi ambaye husema "bonjour" kwenye simu nami hukata. Msalimie hata Mwalimu Théberge. Bwana Lloyd naye msalimie, na umwambie aliondoe gari lile.

Wako katika usafi wa barabara,

Darcy Hnatiuk

N.B. Mama wa mapokezi amenijulisha kwamba barua zote zinazohusu safari ya Rimouski lazima zifike kwa Kifaransa. Sina mwingine wa kumpa aitafsiri isipokuwa Maren. Nilimpa hii jana baada ya chakula, akaenda nayo chumbani. Alikaa sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo siku ile hukuelewa hata kitu kimoja?"

Nikasema hapana.

"Ukakaa dakika arobaini unaniangalia tu?"

Nikasema ndiyo.

Akarudi chumbani akamalizia kuandika. Barua yangu, kama unavyoona, ni kurasa nne. Yake ni mistari mitatu. Nikamuuliza kama yote yamo. Akasema, "Yote yamo, Baba. Nimeacha tu yasiyo na ushahidi." Ndani yake natambua maneno mawili tu, jina langu na "merci," yaani asante, na hilo la pili limeandikwa mara mbili. Sikuomba ufafanuzi. Niliitikia kwa kichwa nikatia saini, na safari hii nilijua ninachofanya.

Nimeiweka yake juu. Penye tofauti kati ya barua hizi mbili, tafadhali fuata yake. Na mwambie dereva wa basi la tarehe tatu asiwe na wasiwasi hata theluji ikianguka usiku kucha. Njia ya kutoka shuleni mpaka barabara kuu itakuwa wazi. Nitaipitia mwenyewe, mara mbili.