Kiondo Nilichosuka Nikitembea

Leo nimeaibika mbele ya akina mama wa Masii, na sijaweza kungoja tukutane ndipo niwasimulie. Nimeingia saiba, hapa kwenye kompyuta za kukodi mjini Machakos, moja kwa moja na vumbi la njiani bado liko miguuni. Mwenye saiba amefungua dirisha. Harufu ni yangu, mtajua ni ya nini.

Mnanifahamu, wenzangu wa bweni. (Ni mimi yule niliyeshona mapazia ya magunia tukiwa chuo cha ualimu, mkanicheka, halafu mkaja kuniomba nishone na yenu.) Siku hizi nimezidi. Hapa kwangu Machakos kununua kitu dukani kumekuwa kama dhambi. Nilipika sabuni, ikatoboa soksi za mume wangu Musyoki. Nikachachusha uji kwenye kibuyu, nikausahau, kizibo kikaruka kikagonga picha yetu ya harusi. Nikatengeneza mishumaa ya nta, nyuki wakaja kuulizia mali yao. Musyoki ni mtu wa subira. Alitazama vidole vyake vinavyochungulia kwenye soksi, akaniomba kwa upole nijifunze kitu ambacho hakitoboi.

Ndipo nikaanza kusuka vyondo.

Kwa kweli sababu ni mama yake. Krismasi iliyopita nilimpelekea kiondo cha dukani, kizuri, cha mikanda ya ngozi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakagua kitako chake, akaniuliza kimesukwa na nani. Nikasema sijui. Akina mama wa kikundi chake cha kusuka walikuwepo, wakacheka. Yeye naye akacheka, akaniambia, “Siku utakuja kwangu ukisuka huku unatembea, hapo nitajua nimepata bibi ya kijana yangu.”

Ulikuwa utani. Lakini ulinigusa pale penye kidonda. Mimi nimelelewa mjini, mama yangu alikuwa muuzaji wa viatu, mkonge niliuona tu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Na nyumbani kwa mama mkwe, wake wa shemeji zangu wakifika huingia jikoni bila kuuliza. Wanafunua sufuria, wanasengenyana, wanamenya viazi. Mimi nawekewa kiti sebuleni na soda ya baridi, na kitambaa juu ya meza. Miaka yote hii ya ndoa mimi bado ni mgeni wa heshima, na hakuna kitu kinauma kama heshima ya namna hiyo. Nilitaka jiko. Nilitaka kutumwa chumvi kama wengine.

Basi nikanunua mkonge. Nikafundishwa na jirani kusokota nyuzi kwenye paja, jinsi wanavyofanya mama zetu. (Paja langu la kulia sasa halina hata unywele mmoja. La kushoto liko kama lilivyoumbwa.) Nikachemsha magome na mizizi nipate rangi. Jirani akaniambia rangi haishiki bila magadi, yale yale mabonge tunayotia kwenye maharagwe. Akasema weka kidogo. Mimi na kidogo hatujawahi kuelewana. Niliweka magadi, nikaongeza magadi, nikamalizia kwa chumvi ya mawe ili rangi isithubutu kutoka. Halafu aliposema nisuuze, nikakataa, kwa kuogopa rangi iende na maji. Nyuzi zilipokauka zilikuwa na unga mweupe mweupe juu yake. Niliuona mzuri sana, nikajisifu kwamba nimegundua urembo mpya.

Kusuka nimekaa nilijua upesi. Kusuka nikitembea ndiko kulinitoa jasho. Wale mama wa kijijini wanasuka wakienda mtoni, wakienda kliniki, wakienda matangani, huku wanaongea na hawatazami hata vidole. Mimi nilifanya mazoezi kwenye ukumbi wa nyumba. Niligonga kabati. Niligonga mlango. Siku moja nilimgonga Musyoki na chai yake mkononi. Lakini wiki hii mambo yakakubali, mradi macho yasibanduke kwenye vidole.

Leo ni siku ya soko Masii, na pia siku ambayo kikundi cha mama mkwe hukutana kwake. Musyoki alikuwa kazini. Nikaenda peke yangu, kiondo kimefika nusu. Mnajua kiondo ambacho hakijaisha kinavyokuwa: chini kimesukwa, juu nyuzi ndefu zinaning'inia kila upande. Zilikuwa zinanikwaza miguu, kwa hivyo nikazitupa zote nyuma, juu ya bega, zikateremka mgongoni mpaka karibu na visigino. Donge la uzi nikalibana kwapani. Niliposhuka kwenye gari nikavuta pumzi, nikaanza kutembea na kusuka.

Jamani, nilipendeza. Nilipita kwenye mitumba, nikapita kwenye nyanya, nikapita pembeni ya soko la mbuzi, vidole vinafanya kazi kama vimezaliwa Masii. Nikahisi watu wananiangalia. Mama mmoja wa ndizi alinyamaza katikati ya kutaja bei. Vijana wa boda wakaacha kuongea. Nikasikia vicheko, nikajua ni furaha ya watu kuona mwalimu wa mjini anaenzi mila. (Shingo yangu ilirefuka kidogo. Nakiri.)

Mara mbili tatu nilihisi nyuzi zinavutwa mgongoni. Nikadhani ni upepo. Kelele za mbuzi nilizisikia, lakini ni soko la mbuzi, ulitaka nisikie tarumbeta?

Nikaliacha soko, nikashika njia ya kwenda kwa mama mkwe. Kelele za mbuzi hazikupungua. Nikajiambia Masii ina mifugo mingi. Njiani mzee mmoja mwenye baiskeli akaja nyuma yangu, akapunguza mwendo, akaniuliza kama nauza. Sikuinua macho. Nikajibu kwamba siuzi, nampelekea mama mkwe. Akasema, kwa sauti ya kanisani, “Pole sana, mama. Haya mambo hutokea.”

Nilifikiri ananipa pole ya kazi. Nikamjibu kwa furaha kwamba nimeshazoea. Akatikisa kichwa, akapiga pedali kwa haraka, akatokomea mbele. Mzee wa watu alikuwa anapeleka habari, nami nikamwona ana adabu.

Nilipoingia kwenye boma, akina mama wote walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, vyondo mapajani. Hakuna aliyekuwa akisuka. Kimya kabisa. Nilijua kimya hicho. Hicho ni kimya cha watu waliozidiwa. Nikapiga hatua zangu za mwisho taratibu, nikasuka duru moja zaidi ili kila mtu aone, nikasimama mbele ya mama mkwe.

“Mwaitu,” nikasema, na Mwaitu ni mama kwa Kikamba, “nimekuja vile ulisema.”

Hakukitazama kiondo. Alitazama nyuma yangu.

“Mwiitu wakwa,” akaniita, yaani binti yangu, “kijana yangu amekufanyia nini?”

Nikamwambia hajafanya kitu. Akaniuliza basi kama ni yale maneno ya Krismasi, kwa sababu yalikuwa mzaha, na kama aliniumiza aniombe msamaha hapo hapo mbele ya watu. Mimi nashangaa. Mama mkwe wangu haombi msamaha, hata akikukanyaga. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba watu wa mjini hata wazee hawatumi, wanarudisha wenyewe.

Kurudisha nini? Wakati huo nyuzi zikavutwa kwa nguvu mpaka bega likapinda. Nikageuka.

Mbuzi watatu.

Wanene, wamesimama mstari mmoja kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Wa mbele alikuwa beberu mwenye ndevu, na nyuzi zangu zilikuwa zimeingia kinywani mwake zaidi ya nusu. Alinitazama machoni. Akaendelea kutafuna.

Sasa, wale mlioolewa kwingine nawaelezea. Kwetu Ukambani ndoa huanza na mbuzi wa ntheo, wale wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Wasipopelekwa, mmekaa tu pamoja, hujaolewa. Na upande wa msichana wakirudisha mbuzi, ndoa imekufa. Haihitaji maneno. Musyoki alipeleka kwetu mbuzi watatu. Na mimi nimepita soko zima, mchana kweupe, kichwa juu, nikawaswaga mbuzi watatu mpaka kwa mama yake.

Nilitaka kueleza. Vidole vyangu, kwa mazoea, viliendelea kusuka.

Mama mkwe akasimama. Akaweka kiondo chake chini, akaja akanishika mikono yote miwili, akavituliza vidole vyangu. Alikuwa analia, na mimi sijawahi kumwona akilia. Akasema, “Sikiza. Hizi mbuzi sipokei. Mimi nilienda kwenu kuomba binti. Sikuenda kuazima. Kama Musyoki amekukosea, yeye ndiye atatoka hapa. Wewe ni wangu.”

Nami nikaanza kulia. Kwa sababu nilikuwa nimeenda pale kwa ajili ya maneno hayo hayo, ila sikujua yangenikuta katika hali ile. Nikalia kwa furaha, nikalia kwa aibu, na kadiri nilivyolia ndivyo akina mama walivyozidi kuamini kwamba Musyoki amenifanyia unyama. Wakaanza kulia na wao. Mmoja akaanzisha maombi.

Tukiwa katikati ya hayo ndipo Abdi akaingia. Abdi ni mfanyabiashara wa mifugo pale sokoni, mtu mkubwa mwenye kofia nyeupe, na alikuwa anahema. Alisalimia vizuri kwanza. Kisha akahesabu mbuzi kwa kidole, akashusha pumzi. Alikuwa ameenda kuswali, akarudi akakuta kamba zimekatika, na kila aliyemuuliza sokoni alimwelekeza kwa mwalimu anayesuka.

“Mama, mimi sikuiti mwizi,” akaniambia. “Umeenda bila kuangalia nyuma hata mara moja. Mwizi huangalia nyuma.”

Akamtoa beberu nyuzi kinywani, akazinusa, akaonja ncha ya uzi mmoja kwa ulimi. Akafunga macho. Akasema hii si kamba, hii ni chumvi imevaa kamba, na mbuzi anayejiheshimu akiona kitu kama hiki ataacha mama yake akifuate. Halafu akauliza, bila utani wowote, kama naweza kumtengenezea moja ya kuwaongozea mbuzi wake, kwa sababu amefanya kazi hii tangu utotoni na hajawahi kuona mifugo ikitembea kwa nidhamu kama ile.

Mama mkwe alinitazama. Akamtazama beberu. Akauchukua uzi akaonja na yeye.

“Uliweka magadi ngapi?”

Nikamwambia yote.

Alianza kucheka kutoka tumboni. Akakaa chini. Akalala. Akina mama wote wakaangua kicheko, yule wa maombi akamalizia Amina huku amejishika mbavu. Abdi naye alicheka mpaka akavua kofia. Nilisimama pale na kiondo changu, upande mmoja kina nyuzi, upande mwingine kimenyolewa, nikacheka kuliko wote. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo.

Mama mkwe alipopata pumzi alijifuta macho kwa leso, akakichukua kiondo, akakigeuza na kukagua kitako chake kama siku ile. Akakikagua kwa muda mrefu. Kisha akasema kitako kimeshika, na ule upande ulioliwa tutaunga pamoja siku ya soko ijayo, nije mapema.

Mimi nikatafuta kiti changu cha sebuleni kwa macho. Mazoea.

“Unakaa wapi?” akaniuliza. “Enda jikoni uweke chai. Abdi hajanywa kitu. Na chumvi, usiguse.”

Nikaenda jikoni. Nikafunua sufuria zote, hata zile ambazo hazikuwa na kazi. Nikakaa kwenye kigoda, moshi ukaniingia machoni, nikasengenya kidogo na mke wa shemeji yangu. Sijawahi kunywa chai tamu kama hiyo.

Sasa kumebaki jambo moja dogo. Yule mzee wa baiskeli alikuwa na simu. Kabla mimi sijafika kwa mama mkwe, habari ilikuwa imeshafika Machakos kwamba mke wa Musyoki anarudisha mbuzi. Nilipowasha simu yangu nikiwa njiani kurudi nilikuta ujumbe kutoka kwa mume wangu. Anaomba msamaha. Ameomba msamaha kwa ile redio, kwa kumkopesha binamu yake baiskeli yangu, na kwa sabuni yangu ambayo kumbe alikuwa akiitupa chooni na kuosha kwa ya dukani. Redio ipi, sijui. Nimepigiwa na jirani pia, anasema Musyoki amefagia nyumba, amefua mapazia, na sasa hivi anapika chapati.

Kwa hivyo nawasihi, mkikutana naye hapa mjini jioni hii, msimcheke na msimwambie kitu. Nitamweleza ukweli, nawaahidi. Chapati ziive kwanza.