Filimbi Chini ya Boneti

Jumatatu, 6 Mei

Fiiiii. Sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Niliisikia jana gari la Baba lilipoingia uani, na usingizini nikaisikia tena. Wengine humu ndani wanaiita kelele. Mimi naiita taarifa.

Nimefungua boneti, nikatega sikio. Nimeipata! Manifodi imepasuka: lile bomba lenye vidole vinne linaloigawia injini hewa. Hewa inajipenyeza kwenye ufa na kupiga filimbi. Tasnifu yangu ya chuo ilihusu ombwe. Injini huvuta hewa kwa ombwe. Mtaa mzima huu, ni nani mwingine mwenye sifa?

Gari hili Baba alishaniahidi. Leo mezani amesema amechoka nalo, na kwamba shemeji, mume wa Dada, yuko tayari kulichukua lilivyo. Wanakaa mtaa wa pili na hawakosi kuja kula kwetu. Shemeji anauza magodoro. Magodoro! Nikatangaza kwamba nitalitengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Dada akacheka hadi akashika meza. Mama akauliza kama nimewahi kubadilisha hata balbu. Baba akatafuna, akafikiri, kisha akakata shauri.

"Jumamosi likizunguka mtaa bila kuzimika, ni lako. Likizimika, shemeji yako analivuta kwa kamba."

Shemeji alikuwa ameinamia sahani yake. Tamaa, nadhani.

Jumanne, 7 Mei

Nimechomoa waya za betri, kisha mipira ya hewa, kisha bolti. Ile ya nyuma kabisa, isiyoonekana, imenichuna vidole. Sikulia. Machozi yalitoka yenyewe.

Manifodi imetoka. Ilipokuwa imekaa, injini imebaki na matundu manne wazi, yanaenda hadi ndani kabisa. Nati ikidondokea humo, kwisha habari. Video zote zinasema ziba kwa kitambaa. Mimi nikawaza kuishinda video: soksi! Inajaa tundu sawasawa. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na za Baba, nyeusi, za kazini. Kila tundu soksi yake. Nilirudi nyuma nikazitazama kwa muda. Kazi safi.

Shemeji alipita, akauliza kama anishikie tochi. Nikamwambia asante, naona. Upelelezi wa wazi namna hii!

Jumatano, 8 Mei

Kwa muuza spea. Alitaka nilete manifodi ya zamani tulinganishe. Nikamwonyesha mchoro wangu, wa penseli, wenye vivuli. Akausifu sana. Akaniuzia ya gari jingine. Nilipoipachika uani, vidole vyake vyote viliangalia kwa jirani.

Nimerudi na ile ya zamani ndani ya kikapu cha Mama. Safari hii tumeelewana. Mchoro akaomba abaki nao, ameubandika ukutani juu ya betri. Siku ya ushindi, ukiitazama vizuri.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefunga! Nilitoa soksi kwanza, nikazifua, nikazirudisha kwenye kamba. Mtu mwingine angezitupa. Kisha gasketi mpya, ile karatasi ngumu ya kuzuia hewa isivuje kwenye kiungo, manifodi mpya, bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kama nilivyosoma.

Shemeji tena. Akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama nimeangalia vizuri mle ndani kabla ya kufunga. Nikamwambia wengine tunafanya kazi kwa utaratibu. Akasema haya, shemeji, akaenda kumsaidia Mama kuosha vyombo. Hujipendekeza.

Ijumaa, 10 Mei

Limewaka! Na filimbi imekwisha, kabisa kabisa!

Kuna mtikisiko kidogo. Gari zima linatetemeka kama mtu anayezuia chafya mkutanini, na vioo vya sebuleni vinaitikia. Nimemweleza Mama kwamba injini iliyozoea hewa ya wizi sasa inajifunza kupumua kihalali. Mama akataka kujua kama itahitimu kabla ya kesho.

Baba ameenda kazini na soksi moja nyeusi na moja ya kahawia. Alikuwa na maneno. Nikamwambia upepo wa juzi haukuwa mchezo, aulize kwa jirani. Jirani ameulizwa. Amekasirika. Kwa nini watu wanakuza vitu vidogo wakati mambo makubwa yanatendeka uani?

Jumamosi, 11 Mei

Wote uani. Shemeji na kamba yake begani. Nilikaa kwenye usukani, mgongo wima. Gari likafika getini, likakohoa, likazimika. Nikaliwasha. Likazimika. Dada akaanza kukunjua kamba.

Hapo Baba akatoka ndani, mguu mmoja una soksi nyeusi, mwingine peku, ile ya kahawia ameishika mkononi. Akasema amechoka kuchekwa ofisini, anataka mwenzake wa hii nyeusi.

Nikautazama mguu wa Baba. Nikaitazama boneti.

Maneno yenyewe yalikuwa machache: Baba, iko ndani ya injini. Lakini kicheko cha Dada kilishafika mdomoni. Nikatangaza kwamba nimebaini kizuizi na naomba muda. Baba akatazama kamba, akamtazama shemeji. Shemeji akasema yeye hana haraka. Safari hii nikamwachia tochi.

Nilifungua kwa kasi kuliko Jumanne. Naliandika hili kwa kumbukumbu. Tundu la nyuma kabisa, gizani: ncha ya soksi. Nikaivuta kwa koleo. Ikaja ndefu, imetafunwa kisigino. Shemeji akaitazama. Kisha akanitazama mimi. Nilingoja aite watu na gari liwe lake. Akaikunja ikawa ndogo, akaitia mfukoni.

"Ilikuwa taka tu, Baba," akasema kwa sauti. "Shemeji kaiona."

Nilipofunga tena, gari likazunguka mtaa mzima bila hata kukohoa. Baba akanikabidhi ufunguo mbele ya wote. Dada hakucheka! Shemeji alikuwa anazungusha kamba yake mkononi, anatabasamu peke yake. Nilimhurumia. Si jambo jepesi kuona hoja yako ikianguka hivyo hadharani.

Jumapili, 12 Mei

Nimelitafakari kosa kwa uaminifu wote. Ni rangi! Soksi nyeusi, tundu jeusi, nani angeiona? Suala limefungwa.

Shemeji na Dada wamekuja kula mchana. Pikapu yake ya magodoro ilipokuwa inaingia getini, nikasikia: fiiiii. Nyembamba kuliko yetu, lakini ile ile. Na mtu aliyekubali kushindwa kiungwana anastahili zawadi. Sikutaka kumsumbua kwa maswali. Amelala kwenye kochi tangu tulipomaliza kula, mdomo wazi, amechoka, kwa sababu kesho alfajiri anapeleka magodoro ya bweni zima. Ufunguo wake ulikuwa mezani.

Manifodi yake iko hapa miguuni pangu. Matundu nimeyaziba kwa soksi nyekundu za Dada, alizoziacha hapa alipoolewa. Nne. Au tano, mojawapo ilikuwa imejikunja ndani ya mwenzake.