Mama wa Mkaguzi na Gari Linalokula Moshi Wake

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepiga pasi ovaroli ya binti yangu mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa na mikunjo. Mara ya pili kwa sababu mgongoni imeandikwa MKAGUZI, na neno kama hilo halipigwi pasi mara moja. Wiki ya tatu hii yuko kituo cha kukagua magari, upande wa moshi. Mwanamke ni yeye peke yake! Bado yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, lakini mimi najua ameshapata. Mimi niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Mtoto wangu anapima moshi kwa mashine!

Nimemwambia muuza vocha. Nimemwambia mpokea wageni wa hoteli. Daktari wa meno nilimwambia mdomo ukiwa wazi.

Halafu mlimani nikaaibika. Gari langu la kupeleka mashuka ya hoteli limechoka. Napanda na mashuka safi mia mbili nyuma, nimekanyaga hadi kisigino kinauma, mara Mama Pasi huyo! Naye anafua kama mimi, ng'ambo ya barabara. Akashusha kioo akaniuliza kama nimesimama kupumzika au nateremka kinyumenyume. Eti anisukume? Nikatabasamu. Ndani nachemka kuliko birika.

Nikampitia Fundi Koleo, yule mwenye gereji ya wazi nyuma ya stoo ya mbao. Akafungua boneti, akanusa, akatikisa kichwa kama yuko msibani. Akasema injini yangu inakula moshi wake yenyewe. Kuna bomba linauchukua moshi kwenye ekzosi na kuurudisha ndani uchomwe tena, waliotengeneza gari waliweka hivyo ili hewa isichafuke sana. Nikamuuliza nani mwenye akili timamu anarudisha moshi jikoni. Akasema ndio hapo sasa, mama! Dawa yake ni kuziba bomba kwa bamba la bati. Na kwenye njia ya hewa kuna kilango cha chuma kinachofunguka na kujifunga, kimejaa masizi, nacho king'olewe. Injini ipumue.

Ipumue! Neno hilo lilinigusa.

Binti nisimwambie. Atakataa. Amesoma sana.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imefanyika asubuhi, binti akiwa kazini. Koleo alikata bamba kwenye kopo la rangi. Akang'oa kilango, cheusi tititi, akaniuliza kama nakitaka. Nikamwambia sitaki kukiona tena maishani.

Gari limekuwa jingine! Chini ya mlima nilimngoja Mama Pasi kwa makusudi, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilivaa ndala, lakini yeye hakujua. Alipotokea, nikampita kama upepo. Nikampungia kwa vidole viwili tu, kama wanavyofanya wake wa mabalozi.

Raha ikaishia mezani. Binti akawa anasimulia, mdomo umejaa, kwamba leo wamekamata lori lililozibwa bomba la moshi. Akasema watu wa namna hiyo wanawachafulia wenzao mapafu kwa sababu ya haraka ya kijinga. Tena Mkuu wa kituo, mzee ambaye meno yake hayajawahi kuonekana, amewatangazia wakaguzi wote: siku atakayokuta gari la mfanyakazi wake limechezewa hivyo, mfanyakazi huyo atavua ovaroli palepale getini.

Chai ikanipalia. Kadi ya gari langu ina jina lake! Niliiandikisha mwenyewe siku alipomaliza chuo, ili askari akinisimamisha nimwambie hili ni gari la mwanangu. Siku ile nilijiona mjanja sana.

Akanipiga mgongoni, akauliza nini tena, mama? Nikasema pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Jumatano, 5 Juni

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Ina mchoro wa injini kabisa. Inanitazama. Nimempigia simu Koleo. Akasema nisiwe na wasiwasi, gari linanung'unika tu kama mtoto aliyeachishwa ziwa, litazoea. Halikuzoea. Nikaipaka ile taa rangi ya kucha, nyeusi, mara mbili. Sasa haionekani. Ila mimi bado naiona.

Na asubuhi nimeona moshi wa bluu. Bluu! Nilikuwa nimeuzoea mweusi.

Jioni binti karudi anarukaruka. Amekumbuka ukaguzi wa gari letu unaisha mwezi huu. Amenipangia Ijumaa saa tatu, wa kwanza kwenye foleni! Mkuu anatafuta gari la mfano la kuwafundishia wakaguzi wapya, naye akajitolea langu. Amewaambia wote kwamba mama yake analitunza gari kama yai. Akanikumbatia. Moyo wangu ulikuwa unagonga hadi nikaogopa ataupima.

Nikasema Ijumaa nina mashuka mengi. Akasema niende nayo hivyohivyo. Nikasema kiuno. Akasema basi nilale, ataliendesha mwenyewe. Kiuno kikapona.

Alhamisi, 6 Juni

Nilifika kwa Koleo kabla hajapiga mswaki. Nikamwambia arudishe kila kitu kilipokuwa. Akacheka. Nikamwambia mwanangu atafukuzwa kazi. Akaacha kucheka.

Kwenye bamba, bolti ya kwanza ilikataa, ya pili ikakatikia ndani. Koleo akaitazama akasema hiyo imeamua kuhamia. Nikauliza kilango je? Amempa mteja mwingine. Si nilisema sitaki kukiona? Nikamwambia maneno ya mtu mwenye furaha huwa hayashikiliwi! Akachakura gunia la vyuma saa nzima, akanitolea kitu anachosema kinafanana. Kilikuwa kitasa cha mlango.

Basi akanipa ushauri wa bure. Injini ikiwa ya moto, na mafuta yake ya kulainisha yakifika alama ya juu kwenye kijiti, moshi wa bluu hautaonekana sana. Nikanunua galoni zima. Nikamimina hadi alama ya juu. Hapo nikamuwazia mwanangu getini, anavua ovaroli niliyoipiga pasi kwa mikono yangu, watu wanamtazama. Nikamimina yote yaliyobaki. Sijawahi kuwa mama mchoyo.

Nimekunja mashuka thelathini, upande wa ndani ukiwa nje. Nimemwona Mama Pasi dirishani akiimba, na kwa mara ya kwanza nimemwonea wivu. Mtoto wake anauza viatu. Hakuna bamba duniani linaloweza kumfukuzisha kazi.

Nilitaka kumwambia binti ukweli. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu akanitilia tonge, alidhani nataka.

Ijumaa, 7 Juni



Banda la ukaguzi lilikuwa limejaa. Wakaguzi wapya sita, na Mkuu, mikono nyuma. Binti akanishika bega, akasema huyu ndiye mama yangu. Wakanisalimia shikamoo sita kwa pamoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Akachomeka mrija wa mashine kwenye ekzosi. Akaniambia nipige resi hadi mwisho, kisha niachie. Nikapiga. Nikaachia.

Injini haikuachia.

Ikazidi kupanda! Ikalia, ikapiga yowe, moshi ukafunika banda zima. Nikazima swichi. Nikachomoa ufunguo. Ufunguo ninao mkononi, injini inanguruma! Nikajua ni shetani. Nikataka kufungua mkanda niruke, vidole vikawa vinaukaza. Wakaguzi wapya sita wakatoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Nikapiga kelele, mwanangu, kimbia!

Hakukimbia. Alikuja mbele. Alifungua boneti ndani ya moshi ule, akachomoa mpira wa hewa, akauchukua ubao wake wa plastiki wenye fomu yangu na kuubandika, pwaa, kwenye mdomo wa njia ya hewa. Injini ikauvuta ubao, ikakohoa, ikatikisa gari zima na mimi ndani yake. Ikafa.

Nikasikia kitu kinadondoka. Machozi yangu, kwenye usukani.

Mkuu akatokea nyuma ya kabati akiuliza ni nini kile. Binti alikuwa ameshainama. Akaona pengo mahali pa kilango. Akaona bamba, bado lina neno RANGI. Akavuta kijiti cha mafuta, mafuta yamepanda karibu na mkono wake. Akanitazama. Hata marehemu mama yangu hakuwahi kunitazama hivyo, na nilimchomea nyumba. Nusu.

Nikaanza kujieleza kwamba hakujua, ni mimi, ni Koleo, ni ule mlima. Akasema taratibu, mama, ngoja.

Akawaeleza wote. Mafuta ya kulainisha yalijazwa kupita kiasi, injini ikaanza kuyachoma yenyewe badala ya dizeli, ndiyo maana haikujali ufunguo. Kile kilango kingekuwepo, kingejifunga mtu anapozima, kingeikaba kama ubao ulivyoikaba. Kimeng'olewa. Na bomba la moshi limezibwa. Kisha akasema, bila kutikisika, gari hili ni la mama yangu na kadi ina jina langu. Akaichukua fomu ileile, ina duara la masizi katikati, akaandika LIMEFELI. Akatia sahihi. Akashika zipu ya ovaroli aanze kuvua.



Mkuu akamwambia aiache hiyo zipu. Akasema miaka yote ameona wakaguzi wakiwapitisha mashemeji, wajomba, hadi wapangaji wenzao. Anayemfelisha mama yake mzazi ndio kwanza anamwona. Akamwambia akanawe uso, magari yanangoja. Na kadi ibadilishwe jina wiki hii hii. Mimi akaniangalia tu. Akaangalia ekzosi. Akaniangalia tena.

Limevutwa kwa kamba hadi gereji halali.

Jumamosi, 8 Juni

Hadi saa nne binti alikuwa anasugua masizi kwenye ovaroli. Halafu akakaa kando yangu kwenye beseni la mashuka, akasema jana aliogopa. Si kwa ajili ya kazi, kazi hutafutwa. Aliogopa kuniona ndani ya lile gari, nimefungwa mkanda, injini iko karibu kupasuka. Akasema, mama, ningekuzika kwa sababu ya mlima? Tukalia wote, mashuka yakapata maji ya ziada.

Nimeapa sitagusa injini tena. Nimeapa kwa moyo wote.

Mchana Mama Pasi akaja na sura ya kufiwa. Eti pole jamani, amesikia mtoto amenifelisha mbele za watu. Nikamwambia ndiyo! Mbele za watu, kwa wino, na sahihi! Wa kwako anaweza? Wa kwako hata kiatu kilichotoboka hajawahi kukifelisha! Akaondoka bila kuaga. Nimefurahi kidogo, kisha nikakumbuka ule mlio, nikarudi kwenye beseni.

Jumamosi, 15 Juni

Gari limerudi. Bomba safi, kilango kipya, mafuta kiasi chake, kadi ina jina langu. Limepita ukaguzi. Na habari kubwa: Mkuu amemchagua binti yangu awafundishe wenzake namna ya kuyagundua magari yaliyochezewa! Mwalimu! Anaanza wiki ijayo. Nimewaambia watu kumi na wanne, na leo nilikuwa sijatoka sana.

Mlimani linapanda vizuri. Vizuri tu. Kama upepo, hapana.

Alasiri Koleo akaja kuomba radhi, amesimama nje ya geti, kofia mkononi. Akasema kosa lake lilikuwa kuziba bomba lote. Mafundi wa siku hizi wanaweka bamba lenye tundu dogo katikati. Moshi kidogo unapita, taa haiwaki, na mtu haoni kitu. Nikamfukuza. Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Amefika kona, nikamwita nimuulize tundu lenyewe lina ukubwa gani.

Kama kichwa cha msumari.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima, na naogopa, sifichi. Lakini niliapa mimi sitagusa injini, atakayegusa ni Koleo. Kilango hakiguswi kabisa. Mafuta hayaguswi. Halafu mwanangu anakwenda kufundisha, atafundishia nini kama hana gari la mazoezi? Mama mwingine angemwacha mtoto ahangaike.

Koleo atakuja Jumatatu, saa mbili, binti akishatoka.

Binti atalikuta, najua. Tundu la msumari? Yule? Atalikuta kabla hajavua viatu. Na nitawaambia watu wote.